Kabla hujatuma hela ya kidonge cha bandama

Ujumbe uliingia saa nne usiku, wakati nimeshaweka simu kwenye chaji.

“Dada habari, samahani kwa usumbufu. Mwanangu ana miaka saba. Tumbo lake upande wa kushoto limekuwa gumu, ukigusa unasikia kitu. Nimeona kwenye simu kuna kidonge cha bandama, anameza asubuhi na jioni basi. Kuna kaka anasema anaweza kukileta, ila nitangulize laki na themanini. Nitume?”

Anaandika kutoka Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, kwenye chai na iliki. Nilimpigia asubuhi yake. Hiyo laki na themanini ilikuwa hela ya iliki, yote. Mtoto ametibiwa malaria mara nyingi hadi mama ameacha kuhesabu. Amepewa dawa za minyoo. Bibi yake amemchanja chale tatu chini ya mbavu za kushoto, kama alivyochanjwa baba yake utotoni. Tumbo hupungua kidogo, halafu linarudi palepale. Siku hizi anatoka damu puani bila kuanguka wala kupigwa, na usiku anaamka akilia mguu.

“Mama mkwe anasema ukoo wetu ndio wenye damu mbaya,” aliniambia, akacheka kidogo, kisha akanyamaza.

Nilimwambia asitume. Jibu hilo lilinichukua sekunde moja. Kilichonichukua wiki nzima ni kumweleza sababu, kwa kuwa kidonge alichokisoma kipo kweli. Kina jina, kina mwaka kilipoidhinishwa, na kinatibu ugonjwa unaovimbisha bandama. Alichosoma kilikuwa kweli, na alichokuwa akiuziwa kilikuwa uongo, na vyote viwili vilikuwa kwenye kioo kimoja cha simu, kimoja juu na kingine chini yake. Nadhani si yeye peke yake.

Tuanze na bandama lenyewe. Limekaa juu kushoto, limejificha chini ya mbavu. Huchuja damu na kuvunja chembe nyekundu zilizochakaa. Kwa mtoto mwenye afya, ukibonyeza hapo kwa kawaida huligusi. Likianza kusikika kwa vidole, kuna kitu kimelifanya livimbe, na bandama lenyewe halisemi ni kitu gani.

Sisi wa Tanga bandama tunalijua tangu zamani. Mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala wakakubaliana namna ya kupima ukali wa malaria mahali fulani: wagusa matumbo ya watoto wa miaka 2 hadi 9, wahesabu wangapi wana bandama lililovimba. Mahali ambapo wanazidi 75 kati ya 100, malaria imeweka makazi ya mwaka mzima. Hukohuko Amani, miaka ya 1950, kulikuwa na taasisi ya malaria iliyohudumia Afrika Mashariki nzima, na kituo cha utafiti cha NIMR chenye jina la Amani kingali kinafanya kazi Muheza. Kwa hiyo mtu wa zahanati akigusa bandama la mtoto akawaza malaria kwanza, hajakosea. Kwa watoto wengi wa huku, hilo ndilo jibu sahihi. Kuna hata hali ambayo mwili huipokea malaria ya kujirudia kwa namna iliyopitiliza, bandama likawa kubwa mno, na tiba yake ni dawa ya malaria kwa miezi mingi, siyo siku tatu.

Shida inaanza pale jibu lilelile linapotolewa mara ya tano, ya sita, ya saba, na hakuna anayeuliza swali jipya.

Baada ya malaria, kwa pwani yetu, swali la pili ni sikoseli. Mtoto mdogo mwenye sikoseli bandama lake linaweza kuvimba ghafla ndani ya saa chache, likameza damu nyingi, mtoto akapauka na kulegea. Hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitali usiku huohuo, usisubiri kukuche. Anavyokua, kwa kawaida bandama la sikoseli husinyaa. Kuna pia kichocho cha tumbo, kifua kikuu, saratani ya damu. Daktari hupita kwenye orodha hiyo moja baada ya nyingine, na ni haki yake kuanza na yanayopatikana zaidi.

Mwisho kabisa wa orodha kuna ugonjwa unaoitwa Gaucher, tamka goshe. Ndio wenye kidonge kile.

Jina ni la Philippe Gaucher, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari Ufaransa mwaka 1882 alipoandika habari za mwanamke mwenye bandama kubwa la ajabu. Alidhani ni uvimbe wa saratani. Ilichukua zaidi ya miaka 80 kujua kilichokuwa kinaendelea: mwaka 1965 Roscoe Brady na wenzake kule Marekani walionyesha kwamba wagonjwa hawa wana upungufu wa kimeng'enya kimoja, yaani kichocheo ambacho mwili hutengeneza ili kuvunjavunja mafuta ya aina fulani yanayotoka kwenye chembe za damu zilizokufa.

Mama wa Amani hakuhitaji maelezo marefu hapo. Nilimwambia afikirie kiwanda cha chai. Majani yanaingia kila siku kutoka shambani. Mashine ya kukausha ikiwa mbovu, majani yaliyoingia hayatoki. Siku ya kwanza huoni kitu. Baada ya mwezi, ghala limejaa, veranda imejaa, mlango haufungiki. Ndivyo mafuta yale yanavyorundikana kwenye bandama, kwenye ini, na ndani ya uboho wa mifupa. Bandama hujaa na kuvimba. Likivimba humeza chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ndipo pua zinatoka damu na mwili unapata mabaka ya bluu kwa kugongwa kidogo. Uboho ukijaa, damu inapungua na mifupa inauma, wakati mwingine kwa ukali wa kumwamsha mtu usingizini. Mtoto anaweza kudumaa, akawa mfupi kuliko mdogo wake.

Angalia jinsi dalili hizo zinavyofanana na za malaria sugu, na za sikoseli: upungufu wa damu, tumbo kubwa, mifupa kuuma, kutokua. Mtoto anaweza kutibiwa miaka kadhaa kwa jina lisilo lake.

Ni ugonjwa adimu. Kwa watu kwa ujumla hukadiriwa mmoja kati ya 40,000 hadi 60,000. Kwa hiyo mzazi, tumbo la mwanao likivimba, usilale usiku ukiwaza Gaucher. Uwezekano mkubwa ni mambo mengine, na mengi yanatibika hapahapa. Ninachosema ni kwamba malaria ikishatibiwa vizuri na bandama likabaki palepale, swali la pili na la tatu lazima liulizwe.

Sasa hilo la damu mbaya ya ukoo. Gaucher hurithiwa kwa hesabu ileile ya sikoseli. Mtoto anaupata pale anapopokea kinasaba chenye kasoro kutoka kwa mama na kingine kutoka kwa baba. Baba na mama wenyewe hawaumwi, na mara nyingi hawajui kama wanabeba. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kati ya nne. Wazazi walio ndugu, tuseme watoto wa ami na wa shangazi kama ilivyo desturi kwa baadhi ya familia zetu za pwani, wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba kasoro moja inayofanana, kwa sababu wamechota kwenye kisima kimoja. Lakini upande mmoja peke yake hauwezi kumpa mtoto ugonjwa huu. Mama mkwe akiuliza tena, jibu ndilo hilo, na linaweza kusemwa kwa heshima: mwanao naye alitoa nusu yake.

Tiba ya kwanza ya kweli ilikuja mwaka 1991. Wanasayansi walikitoa kimeng'enya kinachokosekana kwenye kondo la nyuma la wanawake waliojifungua hospitali, wakakisafisha, wakampa mgonjwa kwa dripu. Yalihitajika maelfu ya kondo ili kumtibu mtu mmoja kwa mwaka mmoja. Sentensi hiyo niliisoma mara mbili. Mwaka 1994 kikaanza kutumika kile kinachotengenezwa maabara, na hadi leo dripu ndiyo tiba kuu: kila baada ya wiki mbili, saa moja au mbili kitandani, maisha yote. Bandama hupungua, damu hupanda, mtoto huanza kurefuka. Kwa kiwanda chetu cha chai, hiyo ni sawa na kuleta mashine nyingine ya kukausha.

Kidonge kinafanya kazi kwa njia tofauti. Hakigusi mashine. Kinawaambia wachumaji huko shambani wapunguze kasi, majani machache yaingie, ili mashine mbovu iweze kuyamaliza kidogo kidogo. Cha kwanza kilikuwa miglustati, kilichoidhinishwa Ulaya mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003, kwa wagonjwa wazima wasio na hali mbaya sana ambao dripu haiwafai. Huwasumbua wengi kwa kuharisha, kupungua uzito na mikono kutetemeka. Cha pili, eliglustati, kiliidhinishwa Marekani Agosti 2014 na Ulaya mwaka uliofuata. Hicho ndicho mama wa Amani alichokiona kwenye simu.

Kwa mtu mzima anayefaa, ni ahueni kubwa. Hakuna sindano, hakuna kupoteza siku nzima hospitali mara mbili kwa mwezi. Unameza, unakwenda kazini. Ninaelewa kabisa kwa nini mzazi akisoma hivyo moyo unaruka.

Lakini ona masharti yake. Kwanza, kilipoidhinishwa kilikuwa cha watu wazima. Kwa mtoto wa miaka saba mwenye ugonjwa huu, tiba ya kuanzia ni dripu. Pili, ni kwa aina moja tu ya Gaucher, ile isiyogusa ubongo. Zipo aina nyingine zinazoshambulia ubongo wa watoto, na kidonge hiki hakikuidhinishwa kwa hizo. Tatu, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, hakiandikwi kabla ya kupima jinsi ini la mgonjwa linavyovunja dawa.

Ini lina kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6, na ndicho kinachoivunja eliglustati. Watu hatufanani hapo. Kuna ambao kwao kinafanya kazi kama kawaida, kuna wa polepole, na kuna wenye kasi ya ajabu. Mwenye kasi ya ajabu akimeza eliglustati, dawa inavunjwa kabla haijafanya lolote, kwa hiyo hapewi kabisa. Wa polepole kabisa hupewa mara moja kwa siku badala ya mara mbili, la sivyo dawa itajaa mwilini na kuvuruga mapigo ya moyo. Kosea hapo, na kidonge kinakuwa ama bure ama hatari.

Na Afrika Mashariki imo kwenye habari hii, ingawa walioanza kuichunguza hawakuwa wakiwaza Gaucher. Mwaka 1996 watafiti waliripoti kwamba kati ya Waethiopia waliowapima, karibu 29 katika kila 100 walikuwa na nakala za ziada za kinasaba cha CYP2D6, wale wa kasi. Mwaka 1999 watafiti wa Sweden wakishirikiana na wa Tanzania walikuta jambo la kinyume kwa Watanzania weusi: walionekana kuwa na vinasaba vya kawaida, lakini miili yao ilivunja dawa polepole kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2001 ikaelezwa sababu moja, aina ya kinasaba hicho waliyoipa namba 29, inayopatikana kwa wingi kwa Watanzania na inayopunguza nguvu ya kimeng'enya. Maana yake ni hii: kipimo kinachotafuta aina zinazojulikana Ulaya pekee kinaweza kumwita Mtanzania “wa kawaida” wakati si wa kawaida. Hakuna muuzaji wa mtandaoni atakayekuuliza namba 29.

Liko na jingine la hukuhuku kwetu. Dawa mseto ya malaria, ALu, ina lumefantrini ndani yake, na lumefantrini huzuia kimeng'enya hichohicho cha CYP2D6. Mtu anayetumia eliglustati akipata malaria, na Muheza malaria haijaondoka, hawezi kumeza ALu ya duka la dawa kimyakimya kama tulivyozoea. Daktari anayemsimamia lazima ajue kwanza. Rifampisini, ile ya kifua kikuu, kwa upande wake huifanya eliglustati iishe nguvu. Na hata balungi, tunda la kula, limekatazwa kwa anayetumia dawa hii, kwa kuwa juisi yake huongeza dawa kwenye damu. Nilipomtajia balungi mama wa Amani alishangaa kuliko yote niliyomweleza.

Halafu bei. Eliglustati ilipoingia sokoni Marekani, gharama yake ilitajwa kuwa zaidi ya dola 300,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Gawanya kwa vidonge viwili kwa siku, geuza kwa shilingi zetu: kidonge kimoja kinazidi milioni moja. Laki na themanini ya kutanguliza haifiki hata robo ya kidonge. Kama kuna kitu kwenye chupa ya huyo kaka, kitakuwa kitu kingine. Hesabu hiyo ndiyo iliyomshawishi mama kuliko maelezo yangu yote ya vinasaba.

Mnaojiuliza nani basi hupata dawa za bei hiyo: katika nchi tajiri hulipiwa na serikali au bima. Kwa nchi nyingine, kampuni inayotengeneza dripu imekuwa na mpango wa kutoa dawa bure kwa baadhi ya wagonjwa tangu mwaka 1991. Lakini mpango wa namna hiyo hauanzi bila jina la ugonjwa lililothibitishwa maabara na daktari anayemwombea mgonjwa. Hauanzi kwa mzazi kutuma hela kwa mtu asiyemjua.

Niseme na hili kabla halijanifikia kwa ujumbe mwingine. Ukizidi kusoma mtandaoni utakutana na ambroksoli, dawa ambayo imo kwenye baadhi ya maji ya kikohozi, na kwamba inaweza kukisaidia kile kimeng'enya cha Gaucher. Ni kweli inachunguzwa, tangu ilipogunduliwa hivyo mwaka 2009. Lakini vipimo vinavyojaribiwa ni vikubwa mara nyingi kuliko vya kikohozi, na wanaopewa wanaangaliwa na madaktari kwa karibu. Usimmiminie mtoto chupa za kikohozi ukisubiri bandama lishuke.

Na kuna shauri moja baya ambalo mama huyu alishapewa na jirani: bandama likatwe, yaishe. Zamani, kabla ya dripu, wagonjwa wa Gaucher walikatwa kweli. Mafuta yalihamia kwenye ini na mifupa, maumivu yakazidi. Na kwa mtoto anayeishi kwenye malaria, kuondoa bandama ni kumwondolea mlinzi mmoja wa kupambana na malaria na bakteria wakali. Yapo magonjwa ambayo upasuaji huo ni lazima. Lakini hauamuliwi kabla ya kujua bandama limevimba kwa nini. Hali kadhalika kulikanda na kulichua tumbo lililovimba: bandama kubwa linaweza kupasuka. Bibi zetu wanatupenda, lakini hapo mkono uwe mwepesi, na michezo ya kupigana tumbo isimamishwe.

Basi afanye nini? Hiki ndicho tulichopanga, mimi na yeye, baada ya mimi kuongea na daktari wa watoto ninayemwamini.

Amfunge mtoto kitambaa cha kupimia nguo kiunoni? Hapana, alicheka tena, safari hii kweli. Apige picha za kadi zote za kliniki na vyeti vyote vya dawa, tangu mwanzo, zikae kwenye simu kwa mpangilio wa tarehe. Madaktari wa wilayani hawana muda wa kusikiliza miaka mitatu ya simulizi, lakini wataangalia picha kumi. Amweleze daktari kwa sentensi moja: ametibiwa malaria mara kadhaa na bandama halijashuka, anatoka damu puani, mifupa inamuuma usiku. Sentensi hiyo ina mambo matatu ambayo daktari hawezi kuyapuuza pamoja. Aombe kipimo kamili cha damu kinachohesabu na chembe sahani, kipimo cha sikoseli kama hakijawahi kufanyika, na ultrasaundi ya tumbo itakayoandika bandama lina sentimita ngapi. Namba hiyo ya sentimita aitunze, kwa kuwa mwezi ujao ndiyo itakayosema kama limeshuka au la. “Limepungua kidogo” halina msaada.

Kama malaria ipo, itibiwe hadi mwisho, kisha arudi kupimwa bandama kwa tarehe atakayopewa, hata kama mtoto anaonekana mzima. Kama si malaria, si sikoseli, na hayo mengine yameangaliwa, hapo aulize kwa adabu: “Daktari, inawezekana ikawa ugonjwa wa kurithi unaorundika mafuta?” Swali hilo halimvunjii daktari heshima. Kipimo chake hakihitaji kutoboa mfupa siku hizi. Damu hudondoshwa kwenye karatasi maalumu, ikakauka, ikatiwa bahasha, ikasafiri hadi maabara inayopima kimeng'enya, hata ikiwa nje ya nchi. Kina mama waliopitia kliniki ya VVU wanaifahamu karatasi hiyo. Ni ya aina ileile inayopimiwa watoto wachanga. Safari ya namna hiyo huanzia hospitali ya rufaa, Bombo au zaidi ya hapo, KCMC au Muhimbili. Kwa wale ambao jina la ugonjwa limeshapatikana na ni miongoni mwa magonjwa adimu, Dar es Salaam ipo Ali Kimara Rare Disease Foundation, iliyoanzishwa na wazazi walioyapitia wenyewe. Mzazi mwenzako atakueleza mambo ambayo mimi siwezi.

Mama wa Amani aliteremka Muheza Jumanne. Ni mwendo wa kilomita kama 35 za mlima, na mvua ilikuwa imenyesha, wakafika saa tano. Jioni alinitumia picha ya karatasi. Malaria, hakuna. Sikoseli, hana. Chembe sahani ziko chini ya kiwango. Bandama, sentimita 14.

Daktari amemwandikia rufaa ya Bombo. Hajataja Gaucher, na hakupaswa kutaja, bado kuna mengine ya kuondoa kwanza, yakiwemo mazito. Amemwambia akimbize mtoto akipata homa, akipauka ghafla au damu ikikataa kukata. Hela ya iliki imebaki laki na thelathini baada ya nauli na vipimo.

Yule kaka wa vidonge alimpigia mara mbili siku hiyo. Mara ya pili aliteremsha bei hadi elfu tisini. Mama amemzuia kwenye simu, kisha akaniuliza kama Bombo wanaruhusu mama na mtoto kulala kitanda kimoja, ili ajue abebe kanga ngapi. Nimemwambia abebe nne.